Sultani Aliyemalizia Watu Hekaya Zao

Wapo walioisadiki hekaya hii na wapo walioicheka, nami siwalaumu wote wawili. Katika mji wa Zabarjadi alitawala Sultani Shahari bin Ghanimu, mwenye enzi na majeshi na tabia moja ya kuudhi: hakuacha hekaya ya mtu ifike mwisho. Ndani ya pete yake alifungwa jini aitwaye Habushi, aliyesikiliza hekaya tangu zama za Nabii Suleimani, na mtambaji akifika katikati tu, jini humnong'oneza Sultani mwisho wake, na Sultani huutangaza mbele ya baraza huku akitafuna halua.

Siku moja Sultani akapiga mbiu kwamba atakayesimulia hekaya ambayo Sultani hawezi kuitabiri atamwoa binti yake, Siti Nargisi, na kupewa nusu ya hazina, na atakayetabiriwa atanyolewa ndevu na nyusi. Mji ukajaa wanaume wasio na nyusi, hata wake zao wakawa hawajui kama waume wamekasirika au wameshangaa.

Ndipo akaja Shawali, msuka mikeka, aliyempenda Siti Nargisi naye Siti akampenda, na mapenzi yao yalikuwa ya kweli na ya kutia huruma. Akabusu ardhi, akasema, "Ewe Sultani wa zama, palikuwa na Sultani aliyetabiri hekaya zote, na mbele yake akasimama msuka mikeka ampendaye binti yake."

Jini akacheka ndani ya pete. "Hekaya zote huishia harusini, bwana wangu. Atamwoa."

"Atamwoa," Sultani akatangaza.

"Msuka mikeka huyo ni mimi, maulana," akasema Shawali. "Nikinyolewa nikarudi kwetu mikono mitupu, umekosea, nami nina haki ya kumwoa. Nikimwoa, umepatia, nami nastahili wembe."

Kadhi akavua kilemba, akajikuna, akakivaa tena. Sultani akaitikisa pete, na jini akajibu kwa unyonge, "Niache kidogo, bwana wangu. Kichwa kinaniuma."

Siti Nargisi, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, akasema, "Baba, umepatia, basi anyolewe. Na umepatia kwa kuwa ananioa, basi anioe. Ila wembe utangulie, pilau isije ikapoa."

Ikawa hivyo. Shawali akapewa nusu ya hazina, akaingia harusini uso mtupu kama yai, na Siti alipomwona akacheka hadi machozi ya furaha yakamtoka. Sultani naye akasahau halua yake, maana kwa mara ya kwanza alikuwa amekaa mpaka mwisho wa hekaya pasipo kuujua.

Basi, enyi wasikilizaji, msimmalizie mtu hekaya yake. Harusi mtaitabiri, lakini bwana harusi atawashangaza.