Mshipi wa Hariri wa Haji Vuai

Inasimuliwa, na anayebisha akawaulize samaki wenyewe, kwamba hapo kale aliishi mvuvi mchamungu, Bwana Silima, Mola amrehemu. Akisema "Amin" mwambani, kaa walitoka mashimoni kuitikia.

Mshipi wake wa kuvulia ulikuwa wa pamba, ameuchemsha kwa magome ya mkandaa ili chumvi isiuoze, mweusi kama chungu cha harusi. Ukutani ulining'inia mwingine, wa hariri, unang'aa mpaka paka anajitazama humo. Huo ulikuwa amana. Haji Vuai alimwachia alipokwenda Hija.

Sasa Silima anamwoza binti yake Ijumaa, naye kwa kujiamini kwake ameshawatangazia wakwe: "Njooni na matumbo tu, samaki juu yangu." Alhamisi imefika, hana hata dagaa. Na pale mwambani kuna kolekole mmoja tu, mkubwa, ameshakata mishipi ya pamba ya mji mzima.

"Mume wangu," akasema mkewe, Bi Kazija, "pamba hiyo ataitafuna kama tambi. Chukua hariri. Mwenyewe yuko Makka, atakuonea wapi?"

"Mwenye Nyumba aliyoizuru ananiona hapa, Bi Kazija."

"Haya! Kesho wakwe uwapikie huo uchamungu, hiyo taqwa yako. Nikutilie na nazi?"

Maneno yalimchoma. Akautazama ule mshipi wa hariri, mate yakamjaa. Akapiga bismillahi, akachukua pamba yake.

Kolekole alimeza chambo, akaondoka kama amepandwa na jini. Mkono wa Silima ukawasha, avute! Lakini alijua, hariri ungeivuta kwa ubavu, pamba hubembelezwa. Akalegeza. Samaki akienda, naye anamfuata juu ya mawe, miguu inachanika, ulimi uko kwenye "Ya Sabur", ewe Mwingi wa Subira. Wakazunguka hivyo mpaka alasiri, samaki akachoka, akaja mwenyewe kama mbuzi anayerudi zizini. Kichwa kilifika jikoni mkia ungali baharini! Wakwe wakala, wakafungiwa na ya njiani.

Haji Vuai aliporudi akauliza, "Umeuvulia mshipi wangu?"

"Sijaugusa, wallahi."

"Ungeuvulia tu, bwana! Huu unavuta jahazi." Akaukamata kwa mikono miwili kuonyesha nguvu zake. Pap! Ukakatika kama uzi wa buibui.

"Astaghfirullah! Nilipokuachia niliutundika bila kuusuuza kwa maji ya kisima. Chumvi imeshaula!"

Silima akaviokota vile vipande viwili, akavitazama. Angeutumia, angekosa samaki, na amana ingekatikia mkononi mwake. Bi Kazija akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akasema, "Mume wangu, leo taqwa yako naitilia nazi."

Basi waumini, hariri ipendeni, ila cha mtu kiacheni ukutani, na chenu kivuteni kwa subira. Na Mola ndiye ajuaye urefu wa kweli wa yule samaki.