Moto wa Nyumba ya Msiba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge? Baridi? Basi sogeeni motoni. Wewe uliyejikunyata pale mlangoni, njoo huku, mpishe mwenzako apite. Hadithi ya leo ni ya baridi, na mimi kila nikiisimulia hasira hunipanda upya, kwa hiyo mkiniona natema mate msishangae.

Paukwa tena!

Pakawa!

Kale, kale ile ambayo hata babu zetu waliisikia kwa babu zao, palikuwa na kijiji mlimani. Juu, juu kabisa. Kipupwe kikiingia huko, ukungu ulishuka asubuhi ukakaa mpaka jioni. Nyasi ziliamka nyeupe, na maji ya mtungini yaliuma meno. Kila nyumba iliishi kwa kuni. Wanawake walizibeba mgongoni kutoka msituni, wakazipanga kwenye uchaga juu ya mafiga, zikakaukia hapo kwa moshi. Moto wenyewe haukuzimwa. Jioni ulifukiwa kwa majivu, asubuhi ukapulizwa: fuu, fuu, fuu, ukaamka. Aliyezimikiwa alichukua kigae akaenda kwa jirani kuomba kaa, na jirani akampa. Hata kama mmegombana, kaa la moto ulimpa.

Nyumba moja tu ndiyo haikupewa. Nyumba ya msiba.

Mila yao ilikuwa hivi. Mume akifa, jiko lake lilizimwa siku ya maziko. Lilikaa limezimwa mpaka ndugu wa marehemu aje, apekeche moto mpya kwa vijiti juu ya mafiga yaleyale. Ndugu huyo tu. Mjane akiwasha mwenyewe, amevunja mila na anafukuzwa. Mjane akienda kuota moto au kulala kwingine, yeye au mwanawe, kabla moto haujawashwa, ameikimbia nyumba, na nyumba inakuwa ya huyo ndugu. Shikeni hapo vizuri, maana hapo ndipo penye uchungu.

Basi kijijini hapo aliishi Bibi Nakijwa. Mwembamba, goti moja bovu, ulimi mkali. Yeye ndiye aliyezalisha wanawake na kuosha maiti, na siku za maziko yeye ndiye aliyebeba kibuyu cha maji na kuzima jiko la marehemu. Alipokishika kile kibuyu hakuna aliyemzuia njia, awe mwanamume, awe mzee wa baraza.

Kipupwe kilipokuwa kimeshika kasi, kijana mmoja aitwaye Kiondo aliangukiwa na mti akikata kuni. Akafa. Akamwacha mkewe, Mkunde, na mtoto mchanga ambaye hata kitovu kilikuwa hakijakauka vizuri. Bibi Nakijwa akaingia na kibuyu chake, akamwaga maji juu ya mafiga.

Pshhhh.

Moto ukafa. Bibi akamwambia Mkunde, "Vumilia mjukuu wangu. Kabla ya jioni shemeji yako atakuja kuwasha."

Shemeji mwenyewe alikuwa Mrindoko, kaka yake Kiondo. Mtu mnene, mwenye nyumba kubwa na uchaga uliojaa kuni mpaka unapinda. Jioni ikafika, Mrindoko haonekani. Mkunde akatuma salamu. Jibu likarudi: "Kesho."

Kesho yake akasema ana homa. Siku iliyofuata vijiti vyake vilikuwa vimelowa. Baadaye akasema anangoja mwezi uandame. Kila akiulizwa, kesho. Homa gani hiyo inayomruhusu mtu kula nyama choma? Kila mtu kijijini alijua anachokitaka. Nyuma ya nyumba ya Kiondo palikuwa na kichaka cha mizeituni mwitu, mti ambao kuni yake huwaka kutwa nzima bila moshi. Mrindoko alikimezea mate kichaka kile tangu baba yao alipokigawa kwa Kiondo. Hakuhitaji kumfukuza mjane. Alihitaji tu kukaa kwake, akiota moto, aiache baridi imfanyie kazi.

Na majirani je? Mwanzo walimpelekea Mkunde uji wa moto. Kisha wakampelekea uji wa vuguvugu. Kisha wakaacha, maana Mrindoko alikuwa akiwakodolea macho kila waendapo. Wakajitia hamnazo. Mimi hawa ndio hunichoma kuliko hata Mrindoko.

Bibi Nakijwa alihamia kwa Mkunde. Alikuja na mbuzi wake, wakamlaza kati yao, mtoto akawekwa kifuani pa mama na mgongo kwa mbuzi. Nyumba ilinuka mbuzi na majivu baridi. Mtoto alikohoa: koho, koho. Mafiga matatu yalikaa pale katikati, meusi, yamepoa.

Siku moja Bibi akajikokota hadi kwa Mrindoko. Akamkuta amenyoosha miguu motoni, magogo yanalia pa! pa! na jasho linamtoka usoni.

"Mrindoko, mtoto wa ndugu yako anakufa kwa baridi."

"Karibu ukae, mama. Chai ya majani hii hapa."

"Sikuja kunywa. Lini utawasha?"

"Kesho, mama, mwili ukikubali. Lakini huyo binti kwao kuna joto. Hakuna aliyemfunga kamba."

"Akienda unachukua nyumba."

Mrindoko akafunua mikono. "Si mimi, mama. Mila ndiyo inayosema."

Bibi akageuka, akatoka.

Asubuhi iliyofuata mtoto hakukohoa. Hakulia pia. Mkunde alimfunua, midomo ilikuwa ya buluu. Bibi akamsugua mgongo, akampulizia viganja, akamsugua tena, hata mtoto akatoa kilio chembamba. Mkunde akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, mimi nakwenda kwetu. Wachukue nyumba. Siwezi kuzika wawili."

"Kwenu ni mbali, na huko njiani kuna ukungu huu. Atakufia mgongoni."

"Basi nifanye nini?"

Bibi akachukua kigae. Alitoka akaenda nyumba ya pili, kwa Mama Mbonea, mwanamke ambaye watoto wake wote walipita mikononi mwa Bibi huyuhuyu. Moto ulikuwa unawaka, chungu kinachemka.

"Mama Mbonea, nipe kaa moja nimpelekee Mkunde. Langu ni mwiko, mimi ndiye niliyemzimia."

Mama Mbonea akainamia chungu chake. "Bibi, ningekupa. Lakini mila ni mila. Nikitoa moto kwenda nyumba ya msiba, Mrindoko atasema tumemvunjia heshima."

"Mtoto amekuwa wa buluu."

"Mungu atamsaidia, Bibi. Mila ni mila."

Jamani. Ana watoto wamelizunguka jiko lake, vidole vyao vyekundu kwa joto, na anasema Mungu atamsaidia. Bibi Nakijwa akaketi kidogo kwenye kizingiti, goti likimuuma. Hapo alipoketi ndipo alipokumbuka jambo la utotoni mwake, alipokuwa akivuta shuka la mama yake akiomba chakula cha moto na mama akimwambia nyamaza, kuna msiba. Akainuka bila kuaga.

Alikwenda kwanza nyumbani kwake. Moto wake, aliokuwa akija kuuchochea kila siku, ulikuwa umefukiwa kwa majivu, unapumua. Moto ule kaa lake la kwanza alilileta kutoka jikoni kwa mama yake siku aliyoolewa, na haukuwahi kuzimika. Mume alikuja akafa, watoto walikua wakaondoka, moto ulikuwepo. Bibi akachutama mbele yake. Akaulilia kidogo, msimcheke. Kisha akachukua kibuyu.

Pshhhh.

Moto ukafa.

Akaingia kwa Mama Mbonea. Hakupiga hodi.

Pshhhh.

"Bibi, umerukwa na akili? Uji wa watoto huo!"

"Kuna msiba," akasema Bibi, akatoka.

Nyumba ya tatu, pshhhh. Nyumba iliyofuata, pshhhh. Kule anakosukwa nywele bibi harusi, pshhhh, majivu yakawarukia. Maji yakiisha anateka mengine mtoni, anapanda tena, goti lake hilo hilo. Waume waliinuka kumzuia, wakakiona kibuyu cha maziko, wakarudi nyuma. Kila aliyeuliza alijibiwa hayo hayo: kuna msiba. Nyuma yake wakafuatana watu, wamejifunika ngozi na mashuka, meno yanagongana, wakipiga kelele. Moshi ukakoma kutoka kwenye mapaa, paa moja baada ya jingine.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mrindoko. Alisimama mlangoni akauziba kwa mwili.

"Humu huingii, mama."

"Nipishe. Nimeshika kibuyu."

"Msiba ni kwa Kiondo, si kwangu."

Bibi akacheka kicheko kisicho na furaha. "Ndugu yako tumbo moja amekufa na msiba si kwako? Haya, liseme hilo kwa sauti. Watu hawa hapa walisikie."

Mrindoko akatazama umati. Hakulisema. Bibi akampita chini ya kwapa, na moto ule mkubwa ulipokutana na maji ulilia kuliko yote: pshhhhhhh, mvuke ukajaa nyumba, Mrindoko akatoka anakohoa.

"Amezima moto wa kijiji kizima," Mama Mbonea akalalamika. "Tutapika nini? Watoto watakufa kwa baridi."

Bibi akamgeukia. Sauti yake haikupanda. "Sasa mnajua kwamba watoto hufa kwa baridi? Leo asubuhi ulikuwa hujui. Sikilizeni. Mmenishikia mila, nami nawashikia. Nilipokuwa mdogo, mtu akifa hapa mioto yote ilizimwa. Yote. Kijiji kizima kilikula vya baridi mpaka ndugu alipowasha jiko la marehemu, na moto wa kila nyumba ulitoka hapo. Ndiyo maana ndugu hawakuwa wakichelewa. Baadaye mkaona tabu. Mkasema ya nini sote tuteseke, izimwe nyumba moja tu. Mkachukua nusu ya mila, ile inayomuumiza mjane, na nusu inayowauma ninyi mkaitupa. Kama nasema uongo, mzee Sengasu yule pale, aniumbue."

Watu wakamgeukia Sengasu, mzee ambaye hata kutembea alikuwa akitembezwa. Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Ni kweli. Mimi nilikula viazi vibichi msiba wa babu yangu. Moto ulitoka jiko la msiba. Kwingine kokote ilikuwa mwiko kupekecha."

Kila mtu akawaza jiko lake lililolowa. Kisha, polepole, macho yote yakahamia kwa Mrindoko. Mila waliyoishika kwa kumwogopa yeye, sasa ilikuwa imewabana wao.

"Mwili wangu bado," akaanza Mrindoko. "Kesho..."

Hakuimaliza. Mama Mbonea, aliyekuwa akimwogopa kuliko wote, ndiye aliyemshika mkono wa kulia. Mumewe akamshika wa kushoto. Wakampeleka njiani hivyo hivyo, mwenye homa, mpaka nyumbani kwa Kiondo, wakamketisha mbele ya mafiga. Akapekecha. Zi, zi, zi, zi. Homa yote ikampotea. Zi, zi, zi, zi. Ukatoka uzi wa moshi, ukatoka mwanga mdogo kama jicho la panya. Bibi akaulaza kwenye nyasi kavu, akapuliza: fuu, fuu, fuu. Moto ukaamka. Mkunde akasogea na mtoto, akamfunua kifua mbele ya joto, na watu wote wakasubiri. Joto likampata. Midomo ikarudi rangi. Mtoto akalia, akalia kwa nguvu, kilio cha mtu aliyedhulumiwa.

Watu wakaanza kusukumana na vigae vyao. Bibi akakaa mlangoni, mguu mbovu ameunyoosha kizingitini.

"Hapana. Hatoki mtu na kaa kabla hajaleta kuni. Kavu. Za uchagani kwako, si za mvua."

Wakaleta. Walikwenda, wakarudi na mizigo, rundo la Mkunde likafika darini. Kila aliyeweka mzigo alinyoosha kigae, na Mkunde mwenyewe ndiye aliyemtilia kaa kwa mkono wake. Mama Mbonea alishindwa kumtazama usoni. Mkunde akamtilia makaa mawili, maana ana watoto wengi, na Mama Mbonea akaenda zake analia barabara nzima.

Wa mwisho alikuja Mrindoko. Alishusha gogo kubwa la uchagani kwake, akasimama kwenye ukungu na kigae mkononi, mtu mzima yule, mabega yakitetemeka.

"Shemeji," akasema. "Naomba moto."

Bibi Nakijwa akageuka kumtazama Mkunde. Hakumwambia mpe, wala hakumwambia mnyime. Mkunde akamhamishia mtoto begani. Kisha akachagua kaa jekundu, zuri, akamtilia.

"Chukua, shemeji," akasema. "Hapa kwangu hatusemi kesho."

Mrindoko akainamisha kichwa, akalikinga kaa lake kwa kiganja lisipoe, akaenda. Kichaka cha mizeituni hakukitaja tena mpaka anakufa. Na alipokufa, mioto yote ilizimwa kama mila nzima inavyotaka, na mwanawe, kwa kuwa ndugu wa kuwasha hakuwapo tena, aliwasha kabla jua halijatua.

Bibi Nakijwa alirudi kwake na kaa kutoka kwa Mkunde. Hakuishi vipupwe vingi baada ya hapo, lakini kijiji kile wanamtaja mpaka leo. Anayetaka kukwepa zamu ya msibani wanamuuliza tu: tuchukue kibuyu? Anainuka mwenyewe.

Nanyi mlionisikiliza, sikieni na hili. Mtu akija kuwaambia kwamba mila inataka mnyonge ateseke, mwulizeni kwanza mila hiyo inamtaka yeye afanye nini. Akinyamaza, mjue kuna nusu ameificha.

Hadithi naikomesha hapa. Sasa ongeza kuni wewe uliye karibu, na mwende mkawaangalie majirani kama mapaa yao yanatoa moshi.