Ndovu Aliyemeza Komwe Zote

Nina ngano!
— Ilete tuitafune!
Ina ganda!
— Tutalipasua!

Palikuwa na Bi Kindi, mjane mwenye mtoto mmoja tu, Mwanamize. Mtoto akashikwa na homa. Leo homa, kesho homa, keshokutwa homa. Mwili moto kama chungu jikoni, meno yanagongana ka-ka-ka-ka.

"Dawa yake komwe," akasema Bi Kindi.

Komwe ni kokwa za kijivu, ngumu kama mawe, hukaa ndani ya maganda ya miiba. Kiini chake kichungu kama nyongo. Na msitu mzima ulikuwa na mkomwe mmoja tu. Mwaka uliopita ulimponya Ndovu tumbo, na tangu siku hiyo kausimamia, habanduki.

"Shikamoo, Bwana Ndovu."

"Marahaba. Sitoi!"

"Mwanangu anakufa, bwana."

"Sitoi! Nikiumwa mimi je?"

Bi Kindi akazitazama zile komwe. Akalitazama lile tumbo. Sauti akailainisha.

"Kweli, bwana wangu. Ila Nyani anazimezea mate. Ngiri anazimezea mate. Si uzifiche mahali asipofika mwizi?"

"Wapi?"

"Tumboni mwako. Ila usitafune, utaharibu dawa. Meza nzimanzima."

Ndovu akapiga masikio, pa! Akachuma, gulu! Akachuma, gulu! Haikubaki hata moja. Akaondoka anatamba, ti! ti! ti! Bi Kindi akamwachia jirani mtoto, akamfuata nyumanyuma.

Asubuhi yake Ndovu akainua mkia. Pu! Pu! Pu!

Lo! Komwe zimelala ndani ya mavi, nzima, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Bi Kindi akaokota chache, akaziosha mtoni, akapasua, akaponda, akachemsha. Mwanamize akanywa, akakunja uso. Jasho likamtoka kwenye paji, likamtoka shingoni, likamtoka mgongoni. Meno yakanyamaza.

"Mama, nina njaa."

Bi Kindi alishika komwe moja kiganjani, akaigeuza, akaigeuza tena. Kitu kidogo hivi! Tumbo la Ndovu limeshindwa kukiyeyusha, na mauti yamekikimbia! Akapiga magoti pale pale, machozi yakamdondoka.

Na Ndovu? Kila alikopita, pu! Mvua zikanyesha. Bondeni pakaota mkomwe, mlimani mkomwe, ng'ambo ya mto mkomwe. Yote ikazaa. Wanyama wakaja na wagonjwa wao, wakachuma, wakapona. Kila aliyepona akaenda kumwinamia Ndovu.

"Ahsante, Bwana Ndovu, kwa ukarimu wako."

Ndovu akapiga masikio, pa! Akaondoka anatamba, ti! ti! ti!

Hapo ngano ikachoka, ikajilalia. Utamu wake wenu, uchungu wake niachieni mimi. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mkipata kitu chema, wanyimeni watu wote. Ndivyo kinavyoenea!