Mnana Aliyeficha Bei

Paukwa!

Pakawa!

Haya, na wewe uliyeshika simu huko nyuma, iweke chini kidogo. Hadithi yenyewe ni ya simu.

Hapo zamani za kale, ila si kale sana, maana mtandao ulikuwa umeshafika porini, paliondokea ndege mmoja aitwaye Mnana. Mnana alijua kusuka. Akisuka, amesuka. Kikapu chake ukikitia unga, hata vumbi lake halitoki.

Alikuwa na makinda watatu na ghala tupu. Kiangazi kilikuwa kinakuja. Na kiangazi cha huko, wenzangu, hakina huruma. Asiye na mtama ndani, makinda wake hawamalizi mwezi. Basi Mnana akaamua kuuza vikapu kwenye soko la mtandaoni, apate mtama.

Akashika simu. Akapiga picha, kacha. Akaona kikapu kimetoka kidogo, moyo haukuridhika. Akasogea, kacha. Akasogea tena, kacha, mpaka kikapu kikajaa kioo chote. Ukikitazama ungedhani ng'ombe anaweza kulala humo. Chini yake akaandika: "Vikapu imara. Bei njoo inboksi." Yaani njoo uniulize pembeni, mimi na wewe tu.

Kwa nini hakutaja bei? Nitawaambia, maana wengine wenu mnafanya hivyo hivyo. Alitaka kwanza amwone mteja.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Panya. Mnana akatazama picha yake, akaona kajitu kadogo, kamekonda. Akamwambia kibaba kimoja cha mtama. Wa pili alikuwa Mzee Tembo. Mnana akatazama picha, akaona masikio yale, akaona tumbo lile. Akasema moyoni, mwili huu haukujengwa kwa upepo. Akamwambia vibaba kumi.

Tembo ni mstaarabu, hakubishana. Akatuma mtama wake. Digidigi, mbeba mizigo, akaondoka na kikapu, tiki tiki tiki.

Mzigo ukafika. Tembo akafungua. Akapindua karatasi, akatafuta kikapu, kumbe kimekaa kwenye ncha ya mkonga wake kama kofia. Naye alitaka kikapu cha kwendea shambani na mkewe. Akamwandikia Mnana kwa upole, akamuuliza: huu ni mfano tu, au chenyewe kinakuja lini?

Mnana akasoma. Akazima simu.

Mtu anayezima simu mteja akiuliza, tumwiteje? Semeni wenyewe, mimi simo.

Siku ya pili Tembo akaenda mtoni kunywa maji. Akamkuta Panya amebeba karanga kwenye kikapu kama kile kile. Wakasalimiana, wakaulizana bei. Kibaba kimoja? Vibaba kumi? Panya akacheka mpaka karanga zikamwagika. Tembo hakucheka. Akafungua simu, akampa Mnana nyota moja, akaandika: "Bei yake inapima mwili wa mteja."

Wee! Habari ikazunguka pori zima. Swala hakununua. Nguchiro hakununua. Mnana alipowasha simu, kimya. Vikapu vimejaa nyumbani, na mtama aliopata hautoshi hata nusu ya kiangazi. Makinda wakalia, chwi, chwi, chwi.

Panya akaja kumwona, kwa kuwa kikapu alikipenda. Mnana akaanza kulalamika kwamba walimwengu wana wivu, kwamba kuna mtu kamfanyia jambo. Panya akamkatiza.

"Shoga, kikapu chako hakina kasoro. Kasoro unayo wewe. Mrudishie mzee mtama wake."

"Nikirudisha, wanangu watakula nini?"

"Na usiporudisha, nani atanunua kwako tena?"

Mnana akawatazama makinda. Akautazama mtama. Ilimuuma, nisiwafiche. Akamwita Digidigi aubebe, lakini Digidigi akasema mzigo wa nyota moja habebi.

Basi Mnana akachukua kikapu kimoja katika vile vilivyododa, akakijaza mtama, akaruka mwenyewe kwenda kuumwaga uani kwa Tembo. Pururu, kwenda. Pururu, kurudi. Pururu, kwenda. Pururu, kurudi. Kutwa nzima anapita juu ya mto, na wanyama wote wako pale wanakunywa maji na kutazama juu. Nguchiro, mlafi yule, akakaa chini yake mdomo wazi, anangoja punje zidondoke. Haikudondoka hata moja.

Mwishowe akatua mbele ya Tembo.

"Shikamoo, mzee. Vibaba vyako kumi hivi hapa. Nilikuona mkubwa, nikakutoza ukubwa. Nisamehe."

"Marahaba," akasema Tembo. "Nyota sitaifuta. Niliumia, na hilo ni kweli. Ila nitaongeza neno."

Kikapu hakukirudisha, maana mkewe alikuwa ameshakifanya cha kuwekea chumvi. Akapima kibaba kimoja, bei ya Panya, akampa Mnana. Kisha chini ya ile nyota moja akaandika: "Amerudisha mwenyewe. Na hakuna punje iliyodondoka."

Mnana akapiga picha upya. Safari hii alimtia Panya ndani ya kikapu, mkia nje, kacha. Akaandika: "Kinatosha panya mmoja. Bei kibaba kimoja, uwe tembo uwe sisimizi." Kabla hajaiweka simu chini, ting. Swala. Ting. Nguchiro, yule yule wa mdomo wazi. Ting, ting, ting. Vikapu vikaisha. Ghala likajaa. Kiangazi kikaja, kikawakuta makinda wameshiba, kikapita zake.

Basi sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Ukiuza, onyesha kitu kama kilivyo. Taja bei moja, mbele za watu. Na mteja akilalamika, usizime simu. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mimi naongeza: kikiwa mkononi mwa muungwana.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Mnana. Nawe wa huko nyuma, sasa chukua simu yako, ukaandike bei.