Mtulinga wa Mbaruku

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa kituo, maana leo tuna wafu wa kuwazika. Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mganga wa viungo, Mzee Mwinyikombo, Mola amrehemu. Aliyevunjika alimuunga, na mfupa alioushika mara moja hakuusahau.

Siku moja watu walikuwa wakiezeka msikiti. Boriti ikakatika, ka! Wawili wakaanguka, pu! pu! Mmoja Mbaruku, mume wa wake wawili. Wa pili Shaali, mgeni asiye na ndugu. Wote walivunjika mtulinga wa kushoto, mfupa ule ulalao kati ya shingo na bega. Mzee akawaunga, akawausia: "Siku arubaini, msibebe hata kata ya maji."

Haikupita miezi mitatu, ngoma ya vita ikalia, ti! ti! ti! Wakaenda na wenzao. Hawakurudi.

Baada ya mvua tisa, wachungaji walikuta bondeni mifupa ya watu wawili, wakaileta juu ya mikeka. Mzee akapapasa, akapapasa. "Hawa ni wangu," akasema. "Mbaruku na Shaali. Lakini yupi ni yupi?" Mtulinga mmoja ulikuwa umenyooka, wa pili umeunga kombo.

"Niliwaacha wote wamenyooka. Mmoja alibeba mzigo kabla ya siku zake. Nani?"

Kidawa, mke mdogo wa Mbaruku, alijua. Kidawa akanyamaza.

Alijua, kwa kuwa wakati ule mke mkubwa, Mauwa, alikuwa amesusa, yuko kwao. Na desturi ya kijiji kile ilikuwa hii: mke akisusa, mume humfuata na zawadi begani mwake mwenyewe, habebewi na mtu. Siku ya kumi na nane Mbaruku akachukua kapu la mchele. Kidawa alimlilia asiende, hakusikia. Alipofika kijitoni mfupa ukaachia, ka! Kidawa, aliyekuwa akimfuata nyuma, akamrudisha, akamkanda kwa siri, wakiogopa kukemewa na Mzee. Ngoma ya vita ilipolia, Mauwa alikuwa bado kwao. Akarudi mumewe ameshaondoka, na miaka tisa akaamini kwamba hakufuatwa.

Na miaka tisa Kidawa alimcheka: "Mimi niliagwa, mwenzangu. Wewe ulisahauliwa." Mauwa alikuwa na watoto, na uzuri, na ukubwa wa nyumba. Kidawa alikuwa na neno hilo tu.

Mauwa akatoka mbele. "Mzee, wangu ni huyu aliyenyooka. Mbaruku hakuwa mtu wa kujitaabisha kwa ajili ya mtu."

Kidawa akaona utamu wa kushinda.

"Mimi naujua mfupa," akasema Mzee. "Njia uliyopita siijui. Na vitabu vyatufunza kwamba afichaye ushahidi, moyo wake umeingia dhambini. Asiposema mtu, aliyenyooka atazikwa kwa jina la Mbaruku, na kwa hitima ya Mbaruku. Wa kombo atazikwa kwa jina la mgeni."

Sanda ikakunjuliwa. Mauwa akaanza kumlilia mume asiye wake. Kidawa akautazama mkeka wa pili: mumewe amelala, na machozi yake anapewa mwingine! Wivu ukampanda upya, safari hii kwa ajili ya maiti.

"Acha, Mauwa! Huyo hukupata kumwona hata akila. Mumeo ni huyu wa kombo."

"Wajuaje?"

"Alibeba kapu la mchele."

"Akimpelekea nani?"

Kidawa akajibu, "Wewe."

Mauwa akauliza taratibu, "Mchele wa nani?"

"Wangu! Wa ghala langu! Niliolima kwa mikono yangu!"

Mauwa akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Miaka tisa umeninyima, Kidawa."

"Nimekunyima. Na leo pia nilitaka."

Mzee hakumkemea. Akamwinamia aliyenyooka, akasema, "Shaali nitamzika mimi, kama mwanangu."

Mauwa akaichukua sanda, akaitandaza juu ya Mbaruku, akamrushia mke mwenzake upindo wa pili. "Shika huko. Wala usinivutie."

Enyi mnaosikiliza, anayemficha mwenziwe pendo alilopendwa humwibia aliye hai, na maiti pia. Ngano yangu imekomea hapa. Ikiwa tamu ni ya wazee wetu, ikiwa chungu ni ya ulimi wangu.