Hodi kwa Uyoga wa Zambarau

Hapo zamani za kale, watoto, ukungu ulipokuwa bado haujajifunza kuamka mapema, palikuwa na msitu wa mitarakwa mikongwe mlimani. Chini ya mtarakwa mkongwe kuliko yote uliota uyoga wa rangi ya zambarau, kama kipande cha jioni kilichosahau kwenda zake. Juu yake, ndani ya shina lenye uwazi, aliishi Perere, mnyama mdogo kama paka, na wanawe wawili waliolala fofofo.

Siku moja, ti! ti! ti! Ardhi ikatetemeka. Ndovu na mkewe hao.

"Ndio huu, mume wangu!" alisema Bi Ndovu. "Chimba na mizizi yake tukaupande sebuleni. Waungwana kama sisi tukose kitu cha zambarau?"

Moyo wa Perere ukalia paa! Nyuzi za uyoga zilikuwa zimesukana na mizizi ya mti. Ukichimba huu, unaangusha ule, na watoto wake wamo humo. Apigane? Na Ndovu? Akachungulia.

"Shikamoo, mzee! Mbona mwaingia kwa watu bila hodi? Au waungwana wa siku hizi hawabishi?"

Pembe za Ndovu zilikuwa zimeshagusa udongo. Akasita. "Uyoga nao una mwenyewe?"

"Piga hodi uone."

"Piga, bwana!" mkewe akamkanyaga. "Usituaibishe mbele ya kijinyama hiki!"

"Hodi!"

Perere akazama ndani, akabana pua. Sauti ikateremka ndani ya shina, ikatokea mizizini: "Naaani? Ngojeni nijitande kanga!"

"Umesikia?" alinong'ona Bi Ndovu. "Bibi wa heshima zake."

Wakangoja. Ukungu ukapita, ukarudi, ukapita tena.

"Hodi, mama!"

"Napaka wanja, wanangu! Limebaki jicho moja!"

"Mke wangu, miguu inauma..."

"Nyamaza! Mwungwana hamwingilii mwanamke anayejipamba."

Wakangoja hadi wakasinzia wima, masikio yakipepea polepole. Jua likapenya kati ya matawi, likauangukia uyoga. Ukalegea, ukainama, pwata! ukasambaratika wote. Vumbi la zambarau likapaa msituni taratibu, kama usingizi unaoondoka.

"Hodi?"

Safari hii Perere akaziba mdomo kwa mkono.

"Katokea mlango wa nyuma!" Bi Ndovu alifoka. "Wala hakutuaga! Huyo si mwungwana. Twende zetu."

Wakaondoka, ti! ti! ti! vichwa juu. Perere akacheka kwi kwi kwi, kwa chinichini, asije akaamsha watoto.

Hadithi imepeperuka na lile vumbi, neno lake limebaki: anayejitia uungwana hufungwa kwa kamba ya uungwana huohuo.