Singano na Gari Lisilonguruma

Mwenye kijicho huteremka frii. Ndivyo mlivyosikia leo jikoni kwa akina Shemdoe, yule mama wa kanga ya kijani alipoanza kulisema vibaya friji la bibi harusi, na mwenziwe akamrushia methali hiyo bila hata kugeuka. Mkacheka nyinyi mpaka mkaacha viazi viungue. Nikawauliza mnacheka nini, mkasema hamjui, ila inachekesha.

Haya, kaeni. Zawia, sogeza hilo sinia nipate pa kunyooshea mguu. Msidanganywe kwamba methali hii ni ya mababu. Imezaliwa juzi tu, kwenye kona za barabara ya kushuka Mombo, na mimi nilikuwemo humo garini, kiti cha nyuma, nimepakata sufuria la pilau. Mwanzo wake ni huu.

Marehemu kaka yangu aliacha watoto wawili wa kiume, Singano na Kaniki. Kaka alipofariki, Kaniki alikuwa bado anaota meno, na Singano ndiyo kwanza amepata leseni. Basi Singano akawa baba. Aliendesha lori la mboga, Lushoto na Dar, Dar na Lushoto, mpaka mdogo wake akasoma akamaliza. Kuendesha gari Kaniki alifundishwa na yeye, amekaa mapajani mwake, ndani ya pikapu ambayo Singano anayo mpaka leo.

Singano alipoacha lori, mgongo ulikuwa umekwisha, lakini jina lilikuwa limekua. Hapa Lushoto mtu akitaka kununua gari hamwamini muuzaji, anamchukua Singano. Yeye hulizunguka gari pole pole, hugonga bodi kwa vifundo vya vidole, hunusa oili, kisha hufumba macho akasikiliza injini. Akifumbua macho hukumu imetoka. Akisema chukua, unachukua. Akisema hili lina maradhi, hata ulipende vipi unaliacha. Heshima ile ilikuwa tamu kwake kuliko chakula, na simlaumu, kila mtu ana chake cha kumpa raha.

Sasa Kaniki akaja kutoka Dar na gari. Dogo, jeupe, limeinuka kidogo kutoka chini, si teksi na si jipu, liko katikati. Lilipoingia uani kuku hawakukimbia, kwa sababu halikuwa na sauti. Lilikuwa gari la umeme. Singano alikuwa anakunywa chai barazani. Akainua kichwa, akaliona tayari limesimama mbele yake, na chai ikamwagika kwenye shuka.

"Limefikaje hapa?" akauliza.

"Limekuja lenyewe, kaka," Kaniki akasema anacheka, akainama kumshika mkono kwa adabu.

Nilimwona Singano uso ukibadilika. Alilizunguka kama kawaida yake, akagonga bodi. Akafungua boneti, hakuna oili ya kunusa. Akafumba macho kusikiliza, hakuna injini ya kusikiliza. Akabaki amefumba macho pale kama mtu anayeswali, na majirani wanamtazama. Mle ndani yake, wajukuu zangu, kitu kikaanza kuungua. Mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi kaja na gari jipya, na juu ya hilo kaja na gari ambalo yeye hawezi kulisoma.

Jioni ile Kaniki alitufuata jikoni, mimi na Mwanaidi, mke wa Singano.

"Shangazi, shemeji, hili gari si langu," akasema. "Ni la kaka. Pikapu imechoka, na mgongo wake umechoka kuliko pikapu. Lakini nikimkabidhi tu ufunguo atasema namhurumia, atakataa. Mnamjua. Nataka alikague kwanza kama anavyokagua magari ya watu. Akilisifu kwa kinywa chake, hapo hapo nampa. Msimwambie."

Mwanaidi alifuta machozi kwa upindo wa kanga. Miaka yote alikuwa akimkanda mumewe mgongo kwa mafuta ya moto kila akirudi na ile pikapu. Tukaahidi kunyamaza. Kuniambia mimi ninyamaze jambo kama lile ni kunifunga jela, lakini nilinyamaza.

Binti yangu wa Mombo alikuwa amejifungua, nasi tulitaka kumpelekea chakula. Kaniki akaona nafasi. Akamwambia kaka yake, "Chukua hili gari, uende na shangazi na shemeji. Watu wengi wananiuliza kama gari la namna hii linafaa kwa mtu wa kawaida, mwalimu, nesi, mwenye duka. Mimi nitajibu nini? Mtaalamu ni wewe. Liendeshe, uniambie ukweli."

Singano akakubali, tena haraka. Nilimjua. Alikuwa anakwenda kutafuta kasoro.

Tulipokuwa tunaondoka Kaniki aliegemea dirishani. "Kaka, jana umeme ulikatika, chaji haikujaa. Lakini inatosha kwenda na kurudi. Ila kwenye mteremko liache kwenye gia ya D, usiguse kitu. Ukiachia pedeli, gari linajizuia lenyewe, na huko kujizuia kunarudisha chaji. Ni kidogo, lakini ndiyo itakayowafikisha wakati wa kupanda."

Hapo ndipo alipoharibu, masikini, na hakujua. Singano akapandisha kioo. Tulipotoka getini ndipo aliposema, si kwetu, kwa usukani. "Kaniki ananifundisha mimi kuteremka kona za Soni."

Mimi nitawaambia ukweli kuhusu gari lile, maana nimekaa ndani yake na sina sababu ya kudanganya. Kiti cha nyuma ni cha watu wawili na mtoto. Watatu wenye nyonga kama zangu watagombana. Buti si kubwa, lakini liliingia tenga la karoti, gunia la viazi na ndizi mkungu mzima. Mashimo ya kwetu lilipita bila kugusa chini. Ndani kimya, mpaka nilisikia pilau likitikisika kwenye sufuria. Na kupanda kile kilima kifupi cha kutoka mjini, lilivuta kama limeitwa. Nilimtazama Singano kwenye kioo cha kati. Alitabasamu! Uso mzima ulifunguka. Kisha nadhani akakumbuka ni la nani, akaukunja tena.

Tukaanza kuteremka. Sasa nyinyi hamjui madereva wetu wa zamani. Dereva wa milimani akiona mteremko, mkono unakwenda kwenye gia wenyewe. Anaweka frii, yaani anatoa gia kabisa, gari linajiporomokea, mafuta hayaliwi, na yeye anajiona bingwa. Hivyo ndivyo walivyofundishana, na hivyo ndivyo Singano alivyoteremka ujana wake wote. Kwenye gari lile gia ni kitufe cha kuzungusha, lakini herufi ya frii aliitafuta akaipata. Akazungusha.

"Baba Nassoro," mkewe akasema taratibu, "si alisema tuache kwenye D?"

"Mama Nassoro, mteremko huu naujua tangu hujaolewa."

Gari likaporomoka. Kila kona breki, kila kona breki, mpaka zikaanza kunuka. Mwanaidi ameshika mlango, mimi nimeshika sufuria, namtaja Mtume. Tulifika Mombo salama, tukamwona mtoto, tukala, tukashukuru. Namba ya chaji kwenye kioo cha dashibodi ilikuwa imekaa vile vile, haikupanda hata kidogo. Singano aliionyesha kwa kidole. "Mnaona? Ati inarudi. Imerudi wapi?"

Tukapanda kurudi. Tulikuwa hatujafika Soni, kioo kikawa cha manjano, kisha kikatokea kipicha cha kobe, alama ya chaji kwisha. Gari likawa linatambaa. Singano alicheka, na kicheko kile hakikunipendeza. "Kobe! Hata lenyewe linajijua!" Likajikokota mpaka kwenye hoteli ya chai kando ya barabara, likasimama. Mwenye hoteli, mtu muungwana, akaturuhusu tuchomeke waya kwenye soketi ya jiko lake. Mwanaidi akampigia Kaniki simu.

Nyinyi mnajua gari likiharibika barabarani kwetu, watu huota kutoka ardhini. Likazungukwa. Huyu anauliza likiingia maji itakuwaje, yule anauliza umeme ukikatika siku mbili unaenda kazini na nini, mama mmoja muuza matunda anauliza linabeba matenga mangapi. Yalikuwa maswali ya maana, ya watu wanaotaka kununua. Na kwa kuwa wanamjua Singano, wakamgeukia yeye. Huko nyumbani alikuwa amefumba macho bila jibu, lakini hapa alikuwa na gari lililokufa na watu wanaomsikiliza. Akanenepa.

Kaniki alishuka kwenye bodaboda akakuta kaka yake yuko katikati ya hotuba. Hakumkatiza. Alingoja, halafu akaamkia watu, akasema, "Kaka, pole. Nipe hukumu."

Nilimkodolea macho Singano, namwombea aseme neno jema hata moja tu. Mwanaidi alikuwa ameushika ukingo wa meza.

"Unataka ukweli?"

"Ukweli, kaka."

"Gari lisilo na sauti ni kama mwizi. Halina mafuta, halina oili, halina gia, sasa ni gari au ni redio? Mteremko wote wa Mombo ati linajichaji, halikujichaji. Limetulaza njiani na wanawake. Hili ni la akina mama, la kwendea saluni na kurudi. Mwanaume wa milimani haendeshi kitu kama hiki."

"Kama ungekuwa wewe ndiye mnunuzi?"

"Kununua?" Singano akawatazama watu mmoja mmoja. "Hata ukinipa bure, Kaniki. Mbele ya hawa wote nasema. Hata bure sichukui."

Watu wakacheka. Kaniki hakucheka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Uliteremka kwa D?"

"Niliteremka kama dereva. Niliweka frii."

Kaniki akainamisha kichwa, kisha akaeleza, si kwa kejeli, alieleza kama anamwomba kaka yake radhi: kwamba gari lile likiteremka ndipo linapovuna, kwamba magurudumu ndiyo yanayorudisha umeme kwenye betri, na kwamba kuweka frii ni kulikatia. Mteremko wote ule ulikuwa unampa, naye alikuwa ameukatalia.

Yule muuza matunda akasema, "Kumbe gari halina ubaya." Na watu wakaanza kulitazama upya, wakamwacha Singano amesimama peke yake.

Kaniki akatoa ufunguo wa pili mfukoni. Akapita mbele ya kaka yake, akampa Mwanaidi kwa mikono miwili.

"Shemeji, kaka amesema ni gari la wanawake, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kumbishia kaka. Lichukue."

Singano alimtazama mkewe, akautazama ufunguo. Nadhani alianza kuelewa kutoka kwenye uso wa mkewe, kwa sababu Mwanaidi alikuwa analia.

"Kaniki," akasema. "Ulikuwa umemnunulia nani?"

"Nilimnunulia mtu aliyenifundisha kuendesha."

Jamani! Nimeona misiba, nimeona ndoa zikivunjika, lakini sijaona uso kama ule. Mdomo ulifunguka, na ungeweza kusema neno. Nisamehe, tu. Nilikosea, tu. Mdogo wake alikuwa anangoja, mkono bado haujashuka vizuri. Lakini watu walikuwa wamesimama pale, aliokwisha kuwaambia hata bure. Akaufunga mdomo, akaenda kukaa kwenye benchi la hoteli, akaagiza chai ambayo hakuinywa.

Mwanaidi alijifuta uso. Msidhani alimrudishia ule ufunguo. Aliufunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Chaji ya Mombo ilikuwa yake, na gari lilikuwa lake, vyote kavitupa kwa mkono wake. Mwenye kijicho huteremka frii."

Mwenye hoteli akapiga meza kwa kucheka. Mtu wa bodaboda akarudia. Sisi tulipofika Lushoto methali ilikuwa imeshafika, inatungojea.

Mtauliza, mke na mume si mali moja? Nendeni mkamuulize mwanaume anayeomba ufunguo kwa mkewe. Mwanaidi alijifunza kuendesha kwa Kaniki, si kwa mumewe. Alipoiva, tukashuka tena Mombo kumwona mtoto. Yeye kwenye usukani, Singano kushoto kwake, mimi nyuma. Mwanaidi aliliacha kwenye D, hakugusa kitu. Na kona baada ya kona, ile namba ya chaji ikawa inapanda. Inapanda, inatulia, inapanda. Singano aliitazama mpaka Soni. Kutoka hapo akageuza uso dirishani, akawa anatazama miamba, na mgongo wake, kwenye kiti kile laini ambacho mdogo wake alimchagulia, ulikuwa umekauka kama ubao.

Basi mkimwona mtu analisema friji la mwenziwe, msicheke tu. Pengine maji ya baridi ya humo, yeye jirani ndiye angepelekewa wa kwanza. Mwenye kijicho huteremka frii.